Mwakilishi wa Bondeni

Hamphrey alikuwa mtu wa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Pale Ngembe wengi walimjua kwa pua kabla ya kumjua kwa jina. Alitoka Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, akapanda huku juu kwa Wamatengo na gunia moja mgongoni, miaka ile biashara ilipofunguliwa na mtu akaruhusiwa kuuza kitu chake bila kukimbizwa kama mwizi. Alipanga chumba, akaoa, akajenga. Wanyasa wenzake wakamfuata, leo mmoja, kesho wawili, mpaka kule chini kwenye tambarare pakawa na nyumba sabini na ushee. Wamatengo walipaita Bondeni. Wenyewe walikaa Mlimani, na kahawa yao na ngolo zao, yale mashimo wanayochimba kwenye miteremko ili mvua isizoe udongo.

Shule ilikuwa moja, katikati. Watoto mia tisa, vyumba saba. Wengine walisomea nje, na mvua ikinyesha wanarudi nyumbani. Mwisho wilaya ikafungua shule ya pili, Makonga, vyumba viwili vya nyasi na mwalimu mmoja. Barua ikaja kwamba watoto wagawanywe, upande mmoja ubaki na upande mmoja uhamie Makonga.

Upande upi? Hapo hapakuhitaji msomi. Mtoto wa Mlimani akienda Makonga anafuata mgongo wa mlima, njia kavu mwaka mzima, nusu saa amefika. Mtoto wa Bondeni lazima avuke Lumeka, na Lumeka mwezi wa kwanza si mto wa kuchezea. Mwaka juzi ulimbeba ng'ombe mzima, akaonekana siku ya tatu amekwama kwenye mianzi. Lakini nani anataka kumtoa mwanawe kwenye shule ya bati ampeleke kwenye shule ya nyasi?

Barua ile ilikuwa na sharti. Uamuzi upitishwe na kamati ya shule, na kamati iwe na mwakilishi wa kila upande, Mmatengo na Mnyasa, na mwakilishi wa kila upande atie sahihi yake. Bila sahihi hiyo hakuna mtoto wa kuhama. Tangu shule ianze, kamati ilikuwa ya Wamatengo watupu, wajumbe saba kati ya saba. Sasa ilibidi Mnyasa aingie.

Aliyemletea Hamphrey habari hiyo ni Othmar, mwenyekiti wa kamati mwenyewe. Dada yake Hamphrey, Lidia, aliolewa na Bernadi, mdogo wake Othmar, kwa hiyo Hamphrey na Othmar waliitana shemeji.

"Shemeji, usipa wako leo una mchanga kuliko samaki," Othmar alisema, akichota kiganja kimoja kwenye meza na kutafuna bila kuomba.

"Mchanga wa ziwani huo. Mmatengo akiula anaongezeka akili."

"Ndiyo maana kwenu akili zimeisha, mchanga wote mmetuuzia sisi."

Walicheka. Kisha Othmar akavuta kigoda akakaa, akasema kwa sauti ya chini kwamba nafasi ya saba itakuwa ya Bondeni, na mtu mwenyewe ni Hamphrey, hakuna mwingine. "Mlimani yote itasimama nyuma yako. Nimesema mimi. Ila kuna jambo. Wazee wanauliza, hawa Wanyasa wanataka kiti, wao wameitolea nini shule? Fyatueni matofali ya vyumba viwili. Mkifanya hivyo, hakuna atakayefungua mdomo."

"Na watoto?"

"Watoto tutapanga kwa haki, wewe ukiwamo. Si utakuwa na sahihi? Unaogopa nini?"

Hamphrey hakuogopa. Aliipita Bondeni nyumba kwa nyumba. Wengine walimbishia, hasa Nathanieli fundi baiskeli, aliyekuwa na mabinti watatu shuleni na mdomo usio na breki.

"Hawa watu hawajatupa hata kiti kwenye misa yao," Nathanieli alisema.

"Wewe Mwanglikana, misa yao utaitaka ya nini?"

"Nasema mfano tu. Watakula nguvu zetu, halafu watajifuta midomo."

"Nathanieli, mimi nakula sengu yao."

Hilo lilimnyamazisha kidogo, maana si jambo dogo. Sengu ni pale Wamatengo wa ukoo mmoja, wanaume wakubwa kwa wadogo, wanapokaa jioni kula pamoja chakula kilicholetwa kutoka kila nyumba, na hapo hapo hupanga mambo yao: shamba la nani lilimwe kesho, nani kakosa, nani aolewe wapi. Mtu wa nje hakai hapo. Hamphrey alikaa. Miaka tisa, kila alipopanda Mlimani na mzigo, Othmar alimvuta mkono akamwambia nawa. Amekula nao ugali, maharage, na usipa wake mwenyewe ukirudi kwake kwenye sahani. Moyoni alijihesabu mtu wa pale.

Bondeni wakafyatua matofali. Miezi miwili, wanaume asubuhi kabla ya kazi, wanawake na maji kichwani. Wakachoma tanuri mbili, wakabeba mpaka shuleni, wakajenga, wakapiga na lipu ya udongo. Hamphrey alipoteza kucha mbili za mkono wa kulia. Vyumba vikasimama.

Mkutano wa wazazi uliitishwa mwezi wa kumi na moja, Jumamosi. Mratibu Elimu Kata alikuja na pikipiki na daftari. Watu walikuwa wamepiga kura ya vyama vingi mwaka uliotangulia, kwa karatasi na masanduku, na Hamphrey alitaka iwe hivyo hivyo. Othmar akamwambia, "Shemeji, karatasi zinaibiwa. Mtu hawezi kuibiwa. Tupange mistari." Lilimwingia akilini. Akakubali.

Utaratibu ulikuwa hivi. Wagombea wanasimama wanatazama ukuta wa darasa, migongo kwa watu, wasimwone anayewachagua wala asiyewachagua, wasije wakachukiana. Wazazi wanajipanga nyuma ya wanayemtaka. Mratibu anahesabu. Ndipo wagombea wanageuka.

Wajumbe sita wa Mlimani walipita kwa dakika chache, majina yalishapangwa. Mratibu akapanda juu ya kiti. "Sasa nafasi ya saba. Hii ni ya wenzetu Wanyasa, ili kamati iwe na sura ya wananchi wote. Nani anapendekezwa?"

"Hamphrey!" Bondeni ikapiga kelele kwa pamoja.

Hamphrey akasogea mbele, akafuta viatu kwa nyuma ya suruali, akatazama ukuta. Alijua ndiyo mwisho wa shughuli. Mratibu akauliza kama kuna mwingine, kwa vile tu ndivyo inavyoulizwa.

"Yupo," sauti ya mzee mmoja wa Mlimani ikasema. "Lidia, mke wa Bernadi."

Kicheko kikapita uwanjani, kile cha watu wasiojua kinachochekwa ni nini. Nathanieli akaruka. "Huyo ni wa Mlimani!"

"Wa Mlimani kwa ndoa," Othmar akajibu taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto hesabu. "Barua inasema Mnyasa. Huyu baba yake Mnyasa, mama yake Mnyasa, kazaliwa Ngumbo. Au Mnyasa akiolewa anabadilika ngozi? Mratibu, wewe utuambie."

Mratibu akaifungua barua, akaisoma, akaikunja. "Ni Mnyasa," alisema. "Tena mama. Wilaya inapenda akina mama."

Hamphrey alisikia kandambili zikija upande wake, kisha harufu ya sabuni ya dada yake. Lidia akasimama karibu naye, mabega yanakaribia kugusana.

"Lidia," alinong'ona. "Umekuja kufanya nini hapa?"

"Usiongee, kaka. Tumeambiwa tutazame ukuta."

"Nakuuliza wewe."

"Tazama ukuta."

Nyuma yake miguu ikaanza kutembea. Alijaribu kuifuata kwa masikio. Ilikuja mingi, ikakokota, na kila mara ilipofika karibu ilipinda kwenda kushoto, kwa Lidia. Alisikia mtu akikohoa na akamjua. Ni mzee ambaye yeye Hamphrey alimpa samaki bure mwaka mzima mzee huyo alipougua. Kikohozi kikaenda kushoto. Kuna wakati alitaka kugeuka, lakini aliona aibu ya kugeuka itakuwa kubwa kuliko aibu ya kusimama.

"Mia moja arobaini na tisa," Mratibu alisema upande wa Lidia. Akahamia kwa Hamphrey. Hakukawia huko. "Hamsini na nane. Wagombea, geukeni."

Bondeni walikuwa na wazazi zaidi ya themanini pale uwanjani. Akawatafuta waliopungua, akawaona nyuma ya Lidia, kina mama wengi wao, wengine wakimpungia mkono dada yake. Baadaye walisema, sisi tulidhani ni yule yule tu, si wamezaliwa tumbo moja?

Othmar hakukimbia. Hamphrey alimkuta nyuma ya vyumba vipya, anajisaidia kwenye majani, akamsubiri amalize.

"Ulinipa neno lako."

"Nilikwambia nafasi ni ya Bondeni. Imekwenda kwa mtoto wa kwenu. Shemeji, kasirika na Mungu aliyewapa baba mmoja."

"Miaka tisa nakaa sengu yenu, Othmar. Nakula na baba yako."

Othmar alifunga mkanda wake. Hakuonekana mwenye hasira wala mwenye haya. "Kula umekula," alisema. "Nani atakunyima chakula? Lakini niambie siku moja, moja tu, uliyosema neno pale ukasikilizwa. Mgeni anapewa sahani. Mambo tunayapanga mkishaondoka."

Hamphrey alikumbuka jioni zote zile. Alisimulia habari za ziwa, bei za samaki, vichekesho. Walicheka sana. Ni kweli hakuna siku waliyomuuliza neno la maana, na yeye hakuwahi kuliona hilo mpaka dakika ile.

Orodha ilibandikwa mlangoni pa ofisi ya shule Ijumaa ya mwisho kabla ya kufunga. Watoto mia moja na ishirini na mmoja, wa Bondeni wote, kuanzia shule ikifunguliwa watasoma Makonga. Chini kulikuwa na sahihi saba. Ya mwisho ilikuwa ya herufi kubwa kubwa zilizoachana: LIDIA.

Nathanieli ndiye aliyesoma kwa sauti, kidole kwenye karatasi, na kila jina mzazi mmoja aliguna. Aliposoma majina ya mabinti zake watatu sauti haikubadilika. Alipofika mwisho alirudi juu, akapita tena kimya kimya, midomo ikicheza. Kisha akageuka.

"Herieth hayumo."

Herieth ni binti wa Hamphrey, darasa la nne. Hamphrey akasogea akatafuta mwenyewe. Yeye mwenyewe aliacha shule akiwa la nne, lakini jina la mwanawe analijua hata usiku. Halikuwamo.

"Wamesahau," alisema.

"Wamesahau mmoja," Nathanieli alisema. "Kati ya mia na ishirini na mbili, wamesahau wa kwako. Na kwenye kamati yumo dada yako. Na shemeji yako ndiye mwenyekiti. Na aliyetuambia tufyatue matofali ni nani?"

"Nathanieli, wewe uliniona nikisimama pale ukutani."

"Nilikuona. Ulisimama vizuri kweli. Mpaka mimi niliamini."

Hakuna aliyemtukana. Waliondoka wawili wawili, na waliokuwa wameshika baiskeli walizisukuma badala ya kupanda, kama watu wanaotoka mazikoni.

Hamphrey alipanda Mlimani jua likiwa kichwani. Alimkuta Lidia anachambua kahawa kwenye kitanda cha waya. Alipomwona kaka yake alipiga goti kidogo, kama ilivyo desturi yake. "Shikamoo, kaka." Hamphrey hakuitikia. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Umemtoa Herieth."

"Ndiyo. Niliomba. Nilipiga magoti mbele ya wanaume sita kwa ajili ya mtoto wako, na ule mto nausikia mpaka huku usiku."

"Na wa Nathanieli? Na wale wengine?"

"Ningeomba wangapi, kaka? Wangekubali wangapi?"

"Ungekataa kuweka sahihi! Hilo tu! Sahihi yako ndiyo ilikuwa kufuli ya mlango wote. Usingeweka, hakuna mtoto angehama."

Lidia alichukua kahawa mkononi akaitazama, akatupa punje mbovu. "Ningekataa, ningelala wapi? Bernadi aliniambia wazi. Nikikataa nirudi Ngumbo, watoto wanabaki. Wanne. Wa mwisho bado ananyonya. Wewe ungenipa nini, gunia la usipa?"

"Mimi ni kaka yako."

"Ni kaka yangu." Sasa alimwangalia usoni. "Nilikuwa na miaka kumi na saba. Ulikuwa unataka njia ya kuuzia samaki Mlimani, na Othmar alikuwa na ndugu asiye na mke. Ulinileta kwa mkono wako mpaka kwenye mlango ule. Nililia. Unakumbuka uliniambia nini? Uliniambia, kuanzia leo hawa ndio watu wako, ukirudi usije kwangu. Nimekusikiliza, kaka. Ni wewe tu hukutaka kukumbuka."

Hamphrey alitaka kusema yale yalikuwa mambo mengine. Alishuka bila kuaga, na Lidia hakumwita.

Sikukuu ilipita vibaya. Mkewe Devotha alikuwa na msimamo wake na hakuuficha. "Mtoto anabaki hapa hapa. Hawa majirani waliokuona mwizi, wakimzika mtoto wao watafurahi tukimzika na wa kwetu? Mwache abaki."

"Akibaki, ni kweli niliwauza."

"Hukuwauza."

"Nani atajua?"

"Mimi najua!"

"Wewe unalala na mimi, Devotha. Huo si ushahidi."

Kwa wiki tatu hawakuuza samaki Bondeni. Watu walinunua sokoni mjini, mbali, kwa bei ya juu, kuliko kusimama mezani kwake. Herieth aliacha kwenda kuteka maji na mabinti wa Nathanieli, akawa anakwenda peke yake, na alipoulizwa alisema ndoo yao ni nzito. Hamphrey alimsikia. Usiku huo alikuwa karibu kukubaliana na mkewe. Asubuhi aliamka amebadilika tena. Hakuwa na uhakika kama ni kwa ajili ya haki au kwa ajili ya jina lake, na hakujichunguza sana.

Jumatatu ya kufungua shule mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Alimvalisha Herieth sare, Devotha akiwa amekaa chumbani hataki kuona, wakashuka mpaka Lumeka. Maji yalikuwa ya rangi ya matope, yanafika kiunoni kwa mtu mzima. Gogo la kuvukia lilikuwa limeondoka. Wazazi wa Bondeni walikuwa kando, watoto wameshika madaftari kwenye mifuko ya plastiki, na kila mtu anamngoja mwenzake aanze.

Hamphrey alimwacha Herieth ukingoni, akaingia na suruali yake yote. Alitafuta mwamba kwa miguu mpaka akaupata, katikati, mahali penye kina lakini imara. Akasimama hapo, maji yakimsukuma kiunoni, akanyoosha mikono miwili.

"Leteni," alisema. "Nitawapokea hapa, mtu mwingine apokee ng'ambo."

Hakuna aliyesogea. Kisha Nathanieli akamnyanyua binti yake mdogo, akamweka mabegani. Aliingia mtoni. Lakini hakuja pale kwenye mwamba. Alipita chini zaidi, pasipo na mahali pa kukanyaga, maji yakampanda mpaka kifuani, akayumba, mtoto akapiga kelele akamshika masikio.

"Nathanieli, njoo huku! Huku kuna mwamba!"

"Wangu nitamvusha mwenyewe."

Alivuka. Akamtua, akarudi pale pale pabaya kumchukua wa pili, na wa tatu. Baada yake wengine wakafuata, baba mmoja mmoja, mama wawili wakishikana mikono, wote kwa njia ya Nathanieli. Waliteleza, wakainuka, wakapoteza daftari mbili na kiatu kimoja. Hamphrey alibaki katikati, mikono imenyooka, mpaka mabega yakamuuma akaishusha.

Walipokwisha wote alirudi kumchukua Herieth. Alimvusha kwa urahisi sana, njia ile ilikuwa nzuri kweli. Akamtua ng'ambo, akamfunga kamba ya kiatu. Watoto walikuwa wameshaanza kupanda kwenda Makonga, kundi moja, madaftari vichwani.

"Wakimbilie," alisema.

Herieth alikimbia. Alipowafikia, binti mkubwa wa Nathanieli alitazama nyuma, akamwona, akamshika mdogo wake mkono na kumvutia upande wa pili wa njia. Herieth akapunguza mwendo. Alitembea nyuma yao, hatua kama kumi, mpaka walipopinda kwenye mashamba ya mahindi.